Akina Huddleston na Baba Yangu wa Lulindi

Msimu ule malipo ya korosho ya wenzake yaliingia, ya baba hayakuingia. Daftari la chama cha msingi lilikuwa na Hadlestoni. Benki ilikuwa na Adlestone. Kitambulisho cha taifa kilisema Hudleston, kwa d moja. Na cheti cha ubatizo, kilichoandikwa kwa wino wa buluu na mtu aliyejua anachokiandika, kilisema Huddleston. Korosho zenyewe zilishapimwa, zilishauzwa mnadani, zilishapakiwa kwenye malori kwenda bandarini Mtwara, na mzee hana hata ya kuwalipa vibarua waliomwokotea.

Alinipigia simu jioni. "Mwanangu, wanasema mimi siye mimi."

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mjini Mtwara. Kila siku ninawaeleza watoto wa watu nani alikuwa nani, na kwa nini akumbukwe. Jioni ile niliona aibu kwamba jina ninalolibeba mwenyewe sijawahi kulikalia chini nikalijua. Alfajiri nikapanda basi: Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda, Masasi, halafu bodaboda hadi kwetu Lulindi. Njiani nilikuwa na karatasi moja tu, nakala ya kile cheti cha ubatizo.

Baba alizaliwa mwaka 1963. Mtoto wa Kimakua wa zama zile hakuwa na jina moja la kudumu. Alipozaliwa wazee walimpa jina la nyumbani. Kanisani akabatizwa kwa jina jingine. Jandoni akatoka na jina la tatu, na kuanzia siku hiyo kumwita kwa jina lake la utotoni ilikuwa ni kumtukana. Watu wa mbali hushangaa wakisikia kwamba Waanglikana wa Masasi walikwenda jandoni. Walikwenda. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi hiyo tangu 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando bali aliliingizia ibada za Kikristo, na wengi wa rika la baba walipita njia hiyo, kanisani na porini, bila kuona kwamba wamekwenda pande mbili.

Jina la ubatizo alilichagua bibi. Alikuwa amepata kipaimara kwa mkono wa askofu mpya, Mzungu mrefu, mwembamba, aliyekuja Masasi mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nilipokuwa msichana nilimuuliza, "Bibi, mbona hukumwita baba Trevor? Ndilo jina lake la kwanza yule askofu."

"Trevor ndiye nani?" akaniuliza. Na kweli hakumjua Trevor. Alimjua Askofu Huddleston.

Ndivyo jina la ukoo la Waingereza lilivyogeuka kuwa jina la kwanza la Mmakua mmoja wa Lulindi. Kwangu likageuka tena likawa la mwisho, maana shuleni niliandikwa jina langu na la baba, basi. Darasa zima lilikuwa na akina Chilumba na akina Nandonde, na mimi peke yangu nilikuwa na jina ambalo mwalimu akilifikia kwenye mahudhurio anasita kwanza.

Nilipoanza kufundisha, jina lilinikuta tena kwa njia nyingine. Wavulana wa kidato cha tatu, wafuasi wa ligi ya Uingereza, waliniuliza kama mimi ni ndugu yake Tom Huddlestone, kiungo wa Tottenham. Niliwaambia hapana, huyo jina lake lina e mwishoni. Hawakuridhika, na mimi pia moyoni sikuridhika na jibu langu. Huyo kijana baadaye alihamia Hull City, akiwa tayari anafuga nywele, jumla kwa miaka zaidi ya miwili, akiapa kutozinyoa mpaka afunge goli, watu wakichangia fedha za kupambana na saratani. Alifunga dhidi ya Fulham mwezi Desemba 2013, zikakatwa. Nilifurahi siku ile kana kwamba ni jamaa yangu. Furaha hiyo ndiyo iliyonisukuma kuanza kutafuta: akina Huddleston ni akina nani, na wamefanya nini duniani?

Nilitafuta usiku, simu mkononi, kwa miezi. Nilianza na chimbuko. Huddleston ni mahali, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Palikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa, meupe, na mawe yake yamejengea kanisa kuu la York. Watu walichukua jina la mahali wakaondoka nalo. Ni kama mtu wa kwetu aitwe Lulindi, wajukuu zake wahamie Kigoma, na baada ya miaka mia tano bado waitwe Lulindi ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kula ming'oko, mizizi ya porini tunayokula kwetu.

Wa kwanza aliyenishika alikuwa John Huddleston wa Sawston, karibu na Cambridge. Julai 1553 mfalme kijana Edward wa Sita alifariki, na wakubwa wakamtangaza malkia binamu yake badala ya dada yake Mary. Mary akawa anakimbia. Usiku mmoja alilala kwa huyo John. Asubuhi akatoka amejibadilisha mavazi, na waliokuwa wakimsaka wakaichoma moto nyumba iliyomhifadhi. Siku chache baadaye Mary alikuwa malkia, na nyumba ikaja kujengwa upya, nzuri kuliko ya awali. Ilimalizika mwaka 1584 na ipo mpaka leo. Niliipenda sana habari hiyo. Kisha nikakumbuka mimi ni Mwanglikana. Mary aliyeokolewa na Huddleston ndiye aliyewachoma moto Waprotestanti karibu 300 katika utawala wa miaka mitano. John hakuyajua hayo alipofungua mlango usiku. Alichokiona ni mtu anayesakwa.

Karne moja baadaye mlango mwingine, Huddleston mwingine, naye John. Huyu alikuwa padri Mkatoliki wakati ambapo kuwa padri Uingereza ni kosa. Mwaka 1651 Charles wa Pili alishindwa vitani Worcester, akajificha katika nyumba ya Moseley, na padri John alikuwa mmoja wa waliomhifadhi humo, katika tundu lililotengenezwa kufichia mapadri. Miaka 34 ikapita. Februari 1685 Charles, sasa mfalme, yuko kitandani anakufa, na ndugu yake James akamleta kwa siri kwa ngazi za nyuma mzee mmoja aliyevalishwa nywele za bandia. Ni yuleyule padri. Mfalme aliyefichwa naye katika tundu la padri akaungama kwake na kufa Mkatoliki. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari hiyo mara nyingi, ingawa haimo kwenye muhtasari, na sijaona darasa likinyamaza vile kwa mada nyingine yoyote.

Wengine niliwapitia haraka. Jaji John Walter Huddleston alisikiliza mwaka 1878 kesi ya mchoraji Whistler dhidi ya mhakiki Ruskin, ambayo Whistler alishinda akapewa fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote. Walter Huddleston, wa jimbo la Kentucky, alikuwa seneta wa Marekani kuanzia 1973 hadi 1985, akashindwa kwa kura chache sana na Mitch McConnell. David Huddleston aliigiza filamu huko huko Marekani. Kwa kila mmoja nilijiambia: tazama, jina letu limefika huku nako. Nilikuwa naandika majina yao nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, na daftari lile likawa kama mti wa ukoo.

Halafu nikafika Khartoum.

Novemba 1924, Sir Lee Stack, gavana mkuu wa Sudan, alipigwa risasi mjini Cairo akafa. Waingereza wakaamuru majeshi ya Misri yaondoke Sudan. Kikosi cha askari wa Kisudani kikatoka na silaha zake mitaani Khartoum, kwenda kuungana na wenzao Wamisri. Kamanda Mwingereza akawazuia, akawaamuru warudi kambini. Wakakataa, wakasema wanamtii mkubwa wao tu. Akaamuru wapigwe kwa rashasha. Walionusurika waliingia katika jengo la hospitali ya kijeshi wakapigana usiku na mchana mpaka jengo likapigwa mizinga. Abdel Fadil Almaz, ofisa kijana aliyewaongoza, alifia humo ndani, na Wasudani wanamtaja mpaka leo kama shujaa. Kamanda aliyetoa amri aliitwa Hubert Huddleston. Mwaka 1940 akawa gavana mkuu wa Sudan yote, hadi 1947.

Niliiweka simu chini nisiishike tena usiku ule. Ninafundisha Maji Maji kila mwaka. Misheni ya Masasi yenyewe ilichomwa moto na wapiganaji mwaka 1905, na kila nikifika kwenye bombomu za Wajerumani zilivyowafyeka watu waliokuwa na mikuki na maji, sauti inanibadilika, wanafunzi wameshazoea. Sasa hapa aliyetoa amri ya rashasha kwa Waafrika ana jina ninalolisaini kila siku kwenye kitabu cha mahudhurio. Daftari langu la mti wa ukoo sikulifungua kwa muda mrefu. Kosa langu lilikuwa wazi, ingawa nilichelewa kulikiri: nilikuwa nimejigawia mema ya watu wasionihusu, na nilipolikuta baya sikuwa na haki ya kuliacha mlangoni. Ama nawachukua wote, ama simchukui yeyote.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani siku ile nilipofika Lulindi kwa ajili ya hela za korosho. Nilimkuta baba barazani, amekaa kwenye kigoda, anabangua korosho za kula nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na dawa ya hawa watu?"

Nikamwambia tutakwenda kwa wakili Masasi kesho. Kisha, sijui kwa nini wakati ule, nikamwambia habari za Khartoum. Nikamwambia, baba, yupo Huddleston aliyewapiga Waafrika risasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akabangua korosho tatu, nne.

"Huyo bibi yako hakumjua," akasema.

Nilingoja aendelee.

"Mimi sikupewa ukoo wao. Nilipewa mtu. Ukoo ninao."

Na ni kweli anao, na mimi ninao, na haumo kwenye fomu yoyote. Makua tunafuata mama. Nihimo yangu, yaani ukoo wangu, ni ya mama yangu, nayo ni ya mama yake, na huko ndiko kunakonikataza nisiolewe na nani, na ndiko watakakotoka wa kunizika. Jina la baba halibebi nihimo. Waingereza wanarithishana Huddleston kwa damu, baba kwa mwana, atake asitake, ndiyo maana padri wa Moseley na kamanda wa Khartoum wanalo wote wawili. Sisi hatukurithi. Mwanamke mmoja alimtazama mtu mmoja, akamwita mwanawe kwa jina lake. Nilisoma shahada nzima ya historia na halikunijia hili mpaka liliposemwa na mzee aliyeishia darasa la saba, mikono yake imechafuka mafuta ya korosho.

Basi nikarudi kumsoma yule mmoja tu. Trevor Huddleston alizaliwa Bedford mwaka 1913, akawa mtawa wa shirika la Mirfield, na mwaka 1943 akatumwa Afrika Kusini, mtaa wa Sophiatown, Johannesburg. Desmond Tutu, aliyekuja kuwa askofu, alikuwa mvulana wakati huo. Maisha yake yote Tutu alisimulia siku aliposimama na mama yake, mfanyakazi wa usafi na upishi asiye na elimu kubwa, na padri Mzungu aliyevaa kanzu akapita, akamvulia mama yake kofia kwa heshima. Alikuwa Huddleston. Kwa sisi tuliolelewa kwa shikamoo jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini fikiria nchi ambayo Mzungu kumsalimu mwanamke mweusi kwa heshima ni kitu ambacho mtoto hajawahi kukiona, na atakikumbuka hadi uzeeni. Tutu alipougua kifua kikuu akalazwa karibu miezi 20, padri yuleyule alikwenda kumtazama tena na tena. Kijana mwingine, Hugh Masekela, alipewa na padri huyo tarumbeta yake ya kwanza, na ulimwengu mzima umesikia alichokifanya nayo.

Februari 1955 polisi 2,000 waliingia Sophiatown kuwahamisha watu kwa nguvu, na Huddleston alikuwa miongoni mwa waliopinga waziwazi. Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa Kliptown, alitunukiwa Isitwalandwe, heshima kubwa ya wapigania uhuru, pamoja na Albert Luthuli na Yusuf Dadoo. Shirika lake likamrudisha Uingereza. Na baada ya hapo, mwaka 1960, akaja kwetu, Masasi, kwenye kanisa la Mtandi chini ya majabali, katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1876 na watumwa walioachwa huru ambao Askofu Steere aliwaleta kutoka Unguja kupitia Lindi. Alikaa miaka minane. Alipoondoka 1968, kiti chake kilikaliwa na Mtanzania. Baadaye akawa askofu Stepney, London, kisha Mauritius, kisha akaongoza harakati za kupinga ubaguzi wa rangi mpaka zilipofikia mwisho wake mwaka 1994. Alifariki Aprili 1998, na majivu yake yakapelekwa kuzikwa Sophiatown.

Kuna jambo moja katika habari zake nililomsomea baba kwa sauti. Tutu alipopata mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alimwita Trevor. Askofu mkuu wa Cape Town wa baadaye na bibi yangu wa Lulindi, ambao hawakuonana kamwe, walimchukua mtu yuleyule wakampa mtoto wao, mmoja jina la kwanza, mwingine la mwisho. Baba aliomba nimsomee tena. Kisha akauliza huyo Trevor ana umri gani, nikamwambia amemtangulia miaka michache. "Kaka yangu," akasema, naye alimaanisha.

Kwa wakili tulifika saa tatu. Alikuwa kijana mstaarabu, akamwita baba "mzee wangu", akatueleza kwamba kiapo kitataja majina yote manne na kuchagua moja la kutumika kuanzia sasa. Mimi nilitaka lile la ubatizo, d mbili, kama alivyoliandika askofu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kulitetea. Wakili alipendekeza lile la kitambulisho cha taifa kwa sababu ndilo rahisi, na kwa kazi yake alikuwa sahihi. Nimewaona wazazi wengi wakihangaika kwa sababu hawakufuata ushauri kama huo. Tangu hapo, kila tunaposajili watoto wa mitihani ya kidato cha pili, ninawaita wazazi na vyeti vya kuzaliwa, tunalinganisha herufi kwa herufi, cha mtoto, cha shule ya msingi, cha baba. Herufi moja ikikosewa mtoto akiwa na miaka 14 itamfuata mpaka kwenye mafao yake ya uzeeni. Wengine hukasirika kwamba nawapotezea muda. Naendelea tu.

Lakini baba aliomba karatasi na kalamu. Akaandika polepole, kama anavyoandika kwenye magunia yake: Hadlestoni.

"Hivi ndivyo mama alivyoniita," akasema. "Na chama wanalo hivi."

Sikubisha. Wakili akachapa, akamsomea kiapo chote, mpaka kwenye maneno kwamba majina yote yaliyotajwa hapo juu ni ya mtu mmoja, "naye ni mimi." Baba akamwomba airudie sentensi hiyo. Wakili akairudia. Mzee akatia sahihi, muhuri ukapigwa, tukatoka juani.

Wiki ya pili hela iliingia. Kabla ya kununua hata sabuni aliwaita vibarua wake barazani, akawalipa mmoja mmoja, kila mtu akimwita kwa jina lake.